Sauti ya A kwa Ami: shajara ya osileta ya chipu za 555

Jumamosi, 10 Januari

Ami yangu anapiga udi tangu kabla sijazaliwa. Kaskazi ikikaza, tatizo lake ni lile lile kila mwaka: mbao hucheza na unyevu wa bahari, vigingi mara vinakaza mara vinateleza, na udi wake una nyuzi 11, jozi tano na ule mnene unaokaa peke yake. Akimaliza kusawazisha wa mwisho, wa kwanza umeshatoka. Anacho chuma chake cha meno mawili, cha zamani sana, ambacho hukigonga gotini kisha akakisimamisha kwenye uso wa udi. Shida ni kwamba mlio wake hufa mapema, na muda wote huo mkono mmoja umeshikika.

Jana baada ya swala ya Ijumaa aliniita kando. "Mwanangu, waweza kunitengezea kitu kitoe A tu, kisinyamaze mpaka nikizime mwenyewe?" Nikamwambia naweza. Simu ingefanya kazi hiyo, lakini simu yake hailali, watu wanampigia kutwa, na yeye anataka kitu chenye swichi moja kiwekwe karibu na udi kikae hapo.

Nitatumia chipu ya 555 kama osileta, yaani saketi inayopanda na kushuka bila kukoma, pamoja na spika ndogo na betri ya volti 9. Noti ya A ninayoitafuta ni 440 Hz, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde, ndiyo iliyoandikwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 16 cha mwaka 1975, na ndiyo iliyochongwa kwenye kile chuma cha ami. Kwenye kopo langu la vipuri zimo NE555 mbili, ndizo chipu zenyewe, rezista (vizuizi vya mkondo) za kila namna, na kapasita (vihifadhi chaji) za kauri za rangi ya udongo zilizoandikwa 104, yaani 10 ikifuatwa na sufuri nne: pikofaradi 100,000, ambazo ni nanofaradi 100.

Hesabu yake ni fupi. Masafa ni 1.44 gawanya kwa (R1 + 2R2) mara C, R1 na R2 zikiwa rezista mbili na C kapasita. Ukiweka nanofaradi 100 na 440 Hz, R1 pamoja na R2 mbili zinatakiwa zifike ohmu 32,727. R1 nimeipa kiloohmu 1. R2 inabaki karibu kiloohmu 15.9, nami nitaipata kwa kuunganisha rezista ya kiloohmu 10 na poteshomita (rezista ya kuzungusha) ya kiloohmu 10, nizungushe mpaka nifike.

Jumapili, 11 Januari, usiku

Nimeijenga kwenye bredibodi, ubao wa majaribio usiohitaji kulehemu, baada ya Isha, majirani walipotulia. Mguu wa 1 kwenye hasi, wa 8 na wa 4 kwenye chanya, wa 2 na wa 6 zimeshikana na kukutana na kapasita, wa 7 uko kati ya R1 na R2, wa 5 una kapasita ndogo ya nanofaradi 10 kwenda hasi, na wa 3 ndio unaotoa sauti. Kati ya mguu wa 3 na spika nimeweka rezista ya ohmu 100 na kapasita ya mikrofaradi 10. Spika ya ohmu 8 ukiibandika moja kwa moja kwenye volti 9 itavuta mkondo mkubwa kuliko miliampea 200 ambazo chipu hii inaweza kutoa.

Iliimba mara ya kwanza nilipobana betri. Programu ya simu ilisoma 503 Hz mahali ambapo hesabu ilisema 440. Sikushtuka. Kapasita hizi za kauri za bei ya chini hutofautiana sana na kilichoandikwa juu yake, nyingine huruhusiwa kupungua 20% au kuzidi 80%. Nilizungusha poteshomita mpaka simu ikasema 440, nikaiacha ilie dakika kumi nikiitazama. Haikusogea. Nikalala nikijua kazi imekaribia kwisha.

Alhamisi, 15 Januari

Leo niliipeleka Kibokoni, mtaani kwa ami, saa nane mchana, bredibodi ndani ya mkebe wa plastiki wa haluwa. Ami alikuwa barazani na kahawa yake. Nikaweka mkebe kwenye ukingo wa baraza, jua limeupiga vizuri, nikawasha. Akashika udi, akagusa uzi mmoja, akasikiliza, akagusa tena. Akaweka udi chini.

"Sikiza. Hii yapanda."

Nikatoa simu. 471. Tukangoja kidogo: 479. Kisha 487. Hiyo si tofauti ya kubishania, A ilikuwa imeshaondoka ikaenda karibu na B. Nikakagua nyaya zote, nikabana betri upya, bado. Jua lilipotuzidi tukaingia ndani na mkebe. Nyumba ya ami ni ya zamani, kuta za matumbawe nene kama urefu wa mkono, na ndani kuna ubaridi hata mchana wa Januari. Nikaweka mkebe sakafuni na kuendelea kutafuta waya uliolegea. Ni yeye aliyesema, bila kuangalia simu wala mkebe: "Hapa ndani yashuka."

Na kweli ilikuwa inashuka, polepole.

Aliniuliza kilichomo ndani ya kile kidude cheusi ni nini. Nikamweleza kwa pipa la maji, kwa sababu pipa liko kona ya ua wake. Kapasita ni pipa. Rezista ni mfereji mwembamba unaolijaza. Ndani ya chipu mna rezista tatu zilizo sawa zimepangwa moja juu ya nyingine, nazo zinaigawa volti ya betri mafungu matatu, kwa hiyo pipa lina alama mbili: moja kwenye theluthi, nyingine kwenye theluthi mbili. Maji yakifika alama ya juu, mlinzi mmoja anapiga kelele na bomba la chini linafunguliwa. Yakishuka mpaka alama ya chini, mlinzi wa pili anapiga kelele na bomba linafungwa. Kujaa na kupungua kule, mara 440 kwa sekunde, ndiyo A. Na kwa kuwa alama ni mafungu ya betri yenyewe, betri ikichoka alama zinashuka pamoja nayo, na muda wa kujaa unabaki karibu ule ule. Aliyeibuni, Mswisi Hans Camenzind, aliifanya mwaka 1971 huko Marekani kwa kampuni ya Signetics, na mwaka uliofuata ikaingia sokoni. Mchoro wake wa mwanzo ulihitaji miguu 9. Alipoona kwamba rezista ya kawaida inatosha kujaza kapasita, bila chanzo maalumu cha mkondo, miguu ikawa 8, na chipu ikaingia kwenye ganda dogo la bei nafuu. Hicho ndicho kisa ninachokipenda zaidi katika elektroniki yote.

Ami alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja.

"Na pipa lenyewe likinywea?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwangu Majengo na swali hilo kichwani njia nzima.

Ijumaa, 16 Januari, usiku

Chumba changu kiko juu, chini ya mabati. Saa nne usiku kipimajoto kilisoma nyuzi 28. Nikairudisha sauti kwenye 440.

Jaribio la kwanza, kidole. Nilibana mwili wa kapasita tu, nikichunga nisiguse miguu yake, maana ngozi nayo hupitisha umeme na ingeniharibia kipimo. Ndani ya nusu dakika 440 ikawa 458. Nikaachia, ikaanza kurudi. Nikabana rezista: haikusogea. Nikaweka kidole juu ya chipu yenyewe na kukiacha dakika nzima: simu ilicheza chini ya nusu Hz.

Jaribio la pili, chuma cha kulehemu. Nilikisogeza karibu na kapasita bila kuigusa, kama upana wa kidole. Sauti ilipanda kama king'ora, 500, 560, ikapita 600. Nilipokiondoa ilishuka taratibu mpaka ilipoanzia. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini macho yangu wala masikio yangu.

Basi pipa linanywea. Kapasita za kauri za daraja hili hupoteza uwezo wake joto linapopanda juu ya nyuzi 25 hivi. Zile zinazoitwa Y5V, zikifika nyuzi 85, zinaruhusiwa kupoteza hadi 82%. Pipa likiwa dogo linajaa haraka, na sauti inapanda. Chipu niliyokuwa naishuku siku mbili haina kosa lolote. Kapasita hizi zina kazi yake halali, kuzuia vishindo kwenye nyaya za umeme, na pale haijalishi zikipungua. Kosa ni kuziwekea dhamana ya kushika sauti katika mji ambao baraza la saa nane na chumba cha usiku vina tofauti ya nyuzi kumi.

Jumamosi, 17 Januari

Nilikwenda mjini kwenye duka la vipuri vya redio. Nikaomba kapasita ya nanofaradi 100 ya plastiki. Muuzaji akaniletea tena ya kauri. Nikamweleza, akafungua droo ya chini akatoa za poliesta, za kijani, zilizoandikwa 2A104J: volti 100, nanofaradi 100, na J maana yake haizidi wala kupungua zaidi ya 5%. Nimenunua sita. Pia poteshomita ndogo ya kiloohmu 2, ile ya bisibisi ambayo lazima uizungushe mara nyingi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ile ya kiloohmu 10 ilinichosha, ukiigusa tu unaruka Hz kumi na zaidi. Sasa R2 ni rezista ya kiloohmu 15 pamoja na hii ya 2, na kwa hesabu naweza kutembea kati ya 411 na 464 tu, ambayo ndiyo nafasi ninayoitaka.

Nimeiweka kapasita ya poliesta. Kabla ya kurekebisha chochote, poteshomita ikiwa katikati, ilisoma 433. Hesabu inasema 436. Hapo nilifurahi kwa dhati.

Jumapili, 18 Januari

Nimeipima siku nzima, kila saa, dirishani chini ya mabati. Alfajiri nyuzi 27: 440.0. Saa tatu: 439.5. Saa nane mchana, nyuzi 36: 438.4. Magharibi ilirudi 439.3.

Kitu kimoja kwenye namba hizi kimenipa imani kuliko udogo wake: mwelekeo umegeuka. Ile ya kauri ilipanda na joto, hii inashuka. Poliesta huongezeka uwezo kidogo joto linapopanda, pipa linakuwa kubwa kidogo, sauti inalala kidogo. Kwa hiyo kweli ni kapasita inayoongea. Hz 1.6 ni kama sehemu ya kumi na sita ya nusu noti. Zipo kapasita za kauri za daraja la NP0 ambazo karibu hazisogei kabisa, lakini za nanofaradi 100 sikuzipata dukani, na kwa udi wa barazani hii inatosha.

Jumatano, 21 Januari

Betri. Nilimwambia ami kwamba alama zikishuka na betri muda haubadiliki, sasa ilibidi nihakikishe. Betri mpya: 440. Betri kuukuu iliyobaki volti 7: 442. Si sawasawa kabisa na nilivyosema. Karatasi ya mtengenezaji wa NE555 inataja mabadiliko ya karibu 0.3% kwa kila volti ikiwa inafanya kazi kama osileta, kwa sababu transista ya ndani inayofungua bomba na walinzi wenyewe si wakamilifu. Namba yangu imeangukia jirani na hapo.

Nimeongeza 78L05, kidude cha miguu mitatu kinachotoa volti 5 zisizotikisika. Nimerekebisha upya kwa volti 5, na sasa betri ikishuka kutoka 9 mpaka 7 simu haioni tofauti. Chini ya 7 haifanyi kazi yake tena, kinahitaji takriban volti 2 za ziada, na hapo betri ni ya kubadilishwa hata hivyo.

Jumamosi, 24 Januari

Mlio usiokatika unachosha sikio. Niliusikiliza wiki nzima na najua. Kwa hiyo nimeweka 555 ya pili, ya polepole, mguu wake wa 3 unashika mguu wa 4 wa ile ya kwanza: ukiwa juu, A inalia, ukiwa chini, inanyamaza. R1 na R2 zote kiloohmu 15, kapasita ya mikrofaradi 100. Muda wa juu ni 0.693 × (R1 + R2) × C, sekunde 2.08, wa chini ni 0.693 × R2 × C, sekunde 1.04. Hapa kapasita ya kawaida ya elektroliti inatosha, ikikosea 20% hakuna atakayejua.

Ilipoanza, sauti ilikuwa na kigugumizi. Kila A ilipoamka kulisikika "tk-tk" na wakati mwingine ilizimika katikati na kuamka tena. Nilihisi ni nini kwa sababu nimewahi kuumia nacho: NE555, kila inapogeuka, hujifungua juu na chini kwa pamoja kwa muda mfupi mno, na katika muda huo inavuta mkondo wa ghafla. Chipu mbili kwenye waya mmoja mwembamba wa bredibodi, moja ikivuta, nyingine inayumba. Nimeweka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 8 na wa 1 wa kila chipu, karibu kabisa na mwili, na ya mikrofaradi 100 pale umeme unapoingia. Kigugumizi kimekwisha. Na kapasita nilizotumia hapo ni zile zile za kauri nilizozitoa, sasa ziko mahali pake.

Matundu mawili ya bredibodi yameshaota kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma chembamba. Hii lazima ilehemiwe.

Jumapili, 1 Februari

Stima ilipotea kutwa nzima jana, kwa hiyo kulehemu kumefanyika leo. Saketi iko kwenye ubao wa matundu, nimeufuta kwa spiriti na kuupaka vanishi upande wa chini kwa ajili ya chumvi. Chipu zimekaa kwenye soketi, ikifa moja ibadilishwe bila moto.

Sauti nayo nimeilainisha. Mguu wa 3 hutoa wimbi la mraba, na wimbi la mraba la 440 hubeba ndani yake 1,320, 2,200 na kuendelea. Ndiyo maana linakwaruza. Nimepitisha kwenye vichujio viwili vya kiloohmu 10 na nanofaradi 33, ambavyo vinaanza kukata karibu 480 Hz, halafu LM386, chipu ndogo ya kukuza sauti, kwa ajili ya spika. LM386 haipendi zaidi ya volti 0.4 mlangoni, kwa hiyo kuna rezista ya kiloohmu 100 kabla ya poteshomita ya sauti. Sasa inasikika karibu na nai kuliko honi ya tuktuk.

Sanduku ni ule ule mkebe wa haluwa, umetobolewa kwa msumari wa moto mbele ya spika. Bado unanukia iliki.

Jumamosi, 7 Februari

Kibokoni tena, saa nane mchana, kwa makusudi, baraza ile ile na jua lile lile.

Ami hakushika udi. Alichukua chuma chake, akakigonga gotini, akakisimamisha juu ya mkebe wenyewe ili sauti mbili zitoke mahali pamoja. Akafumba macho.

"Yapumua."

Nilisikia baada ya kuambiwa. Sauti mbili zilizokaribiana haziungani. Huvimba na kunywea pamoja, na idadi ya mapigo kwa sekunde ni tofauti ya masafa yao. Simu ilisema 438.9, na mapigo yalikuwa kama moja kwa sekunde. Nikampa bisibisi. Akaizungusha kidogo huku amefumba macho, pumzi zikawa ndefu, moja kwa sekunde mbili. Kisha mkebe ukanyamaza, kama nilivyoupanga, kwa sekunde moja. Akangoja. Ukalia. Akazungusha tena, na kabla pumzi haijafika mwisho, ukanyamaza.

Akafumbua macho. "Nilikwambia kisinyamaze."

Alikuwa ameniambia hivyo siku ya kwanza, kwa maneno hayo hayo. Pumzi ya sekunde nne haiwezi kusikika ndani ya mlio wa sekunde mbili. Nilikuwa na waya na chuma cha kulehemu cha gesi kwenye mkoba, nikafanya hapo hapo barazani: swichi ndogo inayohamisha mguu wa 4 kutoka kwenye chipu ya pili na kuubandika moja kwa moja kwenye chanya. Upande mmoja inakatika, upande wa pili inalia moja kwa moja. Ilichukua dakika kumi na tano, kahawa ikapoa.

Akaanza upya. Chuma, goti, mkebe. Pumzi ya sekunde mbili, ya tatu, ya tano, kisha chuma kikafa kabla pumzi haijarudi. Akakigonga tena kuhakikisha. Hakusikia kitu, nami sikusikia kitu. Simu ilisoma 440.0, lakini hakuiuliza. Alishika udi, mikono yote miwili, na kuanza na uzi wa A.

Amesema anataka na D na G. Hiyo ni swichi ya mzunguko na R2 mbili zaidi: kwa G ya 196 Hz na kapasita ile ile, jumla inatakiwa kuwa ohmu 73,469, na kwa D ya 146.8, ohmu 98,093. Kapasita za poliesta zimebaki tano.